Mtani Aliyetoka Kaburini Bila Jogoo

Mwaka aliozaliwa mjukuu wangu Masoudi, tembo walifika Kiegei kuomba chumvi. Sisemi waliiba. Waliomba, mlango kwa mlango, wakiwa wamewatanguliza watoto wao ili waonewe huruma. Anayebisha akawaulize tembo. Siku hiyo hiyo binti yangu Hajra akajifungua, na mtoto alipotoa kilio chake cha kwanza, tembo wote waligeuka wakarudi porini bila hata punje ya chumvi. Hapo nikajua huyu atakula kwa sauti yake.

Sikukosea sana. Alikula kwa sauti yake miaka kumi hivi, kisha sauti ikaanza kumla yeye.

Mimi na Masoudi tunataniana kama bibi na mjukuu wanavyotakiwa. Yeye huniita mke wangu, mimi humwita mume wangu, na mkewe halisi, Fatu, huniita mke mwenzangu na kunipakulia shingo ya kuku kila tukichinja. Sasa mume wetu ana miaka arobaini na sita. Ujanani alijiita Radi Kavu. Alikuwa anachana mistari, ndivyo wanavyosema vijana, na alichana haraka mpaka mate yalimfikia msikilizaji kabla ya neno. Albamu ya kwanza aliitoa kwenye kanda, ya pili kwenye sidii, na zote mbili zilikuwa uongo mtupu. Najua, maana uongo aliusomea kwangu. Humo alikuwa na magari manne, nyumba ya ghorofa, na maadui waliokufa kwa kusikia jina lake tu. Kweli yenyewe ilikuwa baiskeli moja isiyo na breki, nayo ya kuazima, na adui wake pekee alikuwa mteremko.

Lakini watu walimpenda. Redio zilimpiga. Alipanda majukwaa Nachingwea, Ruangwa, Masasi mpaka Lindi, na mimi huku nyumbani nikawa naitwa Bibi Radi, hata wenye maduka walinipa kiti. Kisha wakaja vijana wengine wenye sauti laini kana kwamba wamemeza mafuta ya ufuta, na simu ya Masoudi ikanyamaza. Nyumbani kulikuwa na watoto watatu wanaotaka kula. Akabeba mashine ya kupulizia mgongoni, akaingia kwenye mikorosho ya watu.

Aliyewahi kupulizia mikorosho anajua. Salfa, dawa ya mikorosho, ni unga wa njano. Mashine inaurusha juu, upepo unaurudisha chini, na wewe umesimama katikati. Masoudi amesimama katikati miaka kumi na minne. Mwanzoni alikuwa anajifunga kitambaa puani, baadaye akaona kinamziba pumzi, akakitupa. Jioni alirudi njano mzima, kuanzia kope mpaka kucha. Siku moja kuku wangu walimfuata mpaka mlangoni wakidhani ni mahindi yanatembea. Fatu alikuwa akifua nguo zake maji matatu, na ya tatu bado yanatoka kama uji wa maboga. Na sauti ikawa inaondoka kidogo kidogo, kama mgeni anayeona aibu kuaga.

Mwaka huu, kabla msimu wa kupulizia haujaanza, alikuja kukaa barazani kwangu. Tulikuwa tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa.

"Mke wangu," akasema, "nataka kutoa albamu nyingine. Ya mwisho."

"Ya mwisho? Mimi nilidhani ile ya pili ndiyo iliyokuzika."

"Cheka tu. Hii ikishindikana sishiki maiki tena. Nitawaambia hata watoto wasiniite Radi. Nimechoka kuitwa jina la mtu ambaye hayupo."

Nikamenya mng'oko mnene kuliko yote, nikampa yeye.

Ruangwa mjini yuko kijana anaitwa Amedeus mwenye studio. Baba yake ana shamba la mikorosho. Basi wakapatana: Masoudi apulizie shamba lote la mzee msimu mzima, na Amedeus ampe siku kumi na mbili za kurekodi. Kumi na mbili, si kumi na tatu, maana siku ya kumi na tatu chumba kilikuwa kimeahidiwa kwaya. Yaani alinunua siku za kuimba kwa koo lile lile la kuimbia. Nikamwambia ni sawa na mtu anayeuza miguu ili anunue viatu. Hakucheka.

Msimu ulipokwisha akaanza kwenda Ruangwa kila asubuhi kwa pikipiki. Siku ya tano nikamwambia nataka kuona. Nikapanda nyuma, nikamshika kiuno kama bibi harusi. Watoto njiani walitupungia mkono, nami nikawapungia.

Studio yenyewe ni chumba kidogo, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili sauti isitoroke.

"Shikamoo, bibi," akasema Amedeus.

"Marahaba, mwanangu. Mayai yote haya umekula peke yako?"

Masoudi akavaa vile vya masikioni, akasimama mbele ya maiki, na ngoma ikaanza kugonga. Akaanza na yale yale ya zamani, magari, ghorofa, maadui. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa nne pumzi ikakata, kikafuata kikohozi kama mtu anayesaga kokoto. Wakarudia. Ikakata pale pale. Nilihesabu mara kumi na moja, na mimi najua kuhesabu mpaka kumi na mbili tu.

"Kaka Radi," Amedeus akasema kwa upole, "turekodi kipande kipande. Mashine itaunga."

"Mashine ikiniunga hapa, jukwaani ataniunga nani?"

"Basi tupunguze kasi."

"Radi haipunguzi kasi."

"Radi hii inataka kiti," nikasema mimi.

Akakaa. Nyimbo tisa zilikuwa zimekwisha kuandikwa na hakuna hata moja aliyoweza kuifikisha mwisho. Wakati wa kurudi alisimamisha pikipiki mara mbili njiani, si kwa sababu ya pikipiki. Mara ya pili akasema bila kunitazama, "Zimebaki siku saba, bibi." Hakuniita mke wangu. Nikajua amechoka kweli.

Kesho yake asubuhi, kabla hajaondoka, simu ikalia. Alikuwa Teodosia wa Ruponda. Kaka yake, mzee Stefano, amefariki, anazikwa leo.

Sasa, ukoo wetu na ukoo wa Stefano ni watani tangu mababu zetu walipogombania nyama moja porini, wakapigana siku nzima, jioni wakagundua ni kisiki. Kwa hiyo mtu wao akifa, hazikwi mpaka mmoja wetu aende. Mtani huziba njia ya jeneza, humsema marehemu bila kumwonea aibu, kisha huingia kaburini na jembe na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe jogoo. Akishapewa ndipo anatoka, na marehemu anapata nafasi yake. Ndivyo ilivyo, kwa Waislamu sisi na kwa Wakristo wao. Kwetu kazi hiyo alikuwa anaifanya mzee Shehe, lakini miguu yake imegoma. Mwenye maneno aliyebaki alikuwa Masoudi.

"Sina sauti," akasema. "Na nikienda nitapoteza siku nzima."

"Maiti haisubiri kwaya," Fatu akamjibu, akampa kanzu yake.

Ruponda tulikuta watu wengi. Jeneza likatoka kanisani, likafika kaburini. Masoudi akatembea mbele ya wabebaji, akawazibia njia, akanyakua jembe la mchimbaji na kushuka ndani ya shimo. Vilio vikapungua. Watu wanampenda mtani, ndiye anayewapa ruhusa ya kucheka siku ambayo hakuna anayethubutu. Katekista akageuza uso akatazama miti, kama afanyavyo kila mara jambo hili likifika.

Masoudi akapanua mdomo apige ule ukelele wa utani. Haukutoka. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi.

"Mtani wa mwaka huu bubu!" kijana mmoja akapayuka nyuma, na wenzake wakacheka.

Niliona aibu mpaka meno yangu mawili yakauma, na kumbuka hayo ndiyo yote niliyo nayo. Masoudi akaliegemeza jembe. Akaegemea ukuta wa udongo mbichi, akaanza kuongea kama mtu anavyoongea na mwenzake aliyelala naye mkeka mmoja. Chini kabisa. Waliokuwa wakilia ikabidi wanyamaze wasikie. Waliokuwa nyuma wakasogea. Mimi mwenyewe nilisogea mpaka nikamkanyaga katekista.

"Mnamwona Stefano mpole leo," akasema. "Alikuwa bahili huyu. Bahili wa chumvi, bahili wa kiberiti. Kitu alichojua kununua ni betri za redio."

Watu wakaguna. Redio ile wote waliijua.

"Wimbo wangu wa kwanza ulipopigwa, aliita Ruponda nzima uani kwake. Betri zikafa nikiwa nimesema neno moja. Akafanya nini?"

"Akauimba mwenyewe!" mama mmoja akajibu.

"Akauimba mwenyewe. Vibaya. Akatia na ng'ombe ambao mimi sikuwatia."

Kicheko kikapita polepole, kama upepo kwenye ufuta. Masoudi akavuta pumzi yake yote bila haraka, na hakuna aliyeondoa macho kwake.

"Niliwaambia nina magari manne. Gari langu lilikuwa baiskeli ya huyu. Alinibeba nyuma kutoka hapa mpaka Nachingwea na kapu la kanda zangu. Kila kwenye kilima ananiambia, shuka, staa, sukuma. Nashuka. Nasukuma. Kwenye nyimbo zangu nimetaja watu wengi, wengine hata hawajawahi kuzaliwa. Huyu sikumtaja."

Koleta, mjane, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanatetemeka, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Kisha Masoudi akafanya jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kisiki kile. Akatoka kaburini. Akamrudishia mchimbaji jembe lake, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa kwenye tairi bovu kando ya njia. Teodosia amesimama pale na jogoo kwapani, hajamkabidhi mtu.

"Mtani katoka bure!" mzee mmoja akasema.

Ikawa zogo. Wengine wanasema jeneza lisishushwe, wengine wanasema arudi shimoni aanze upya. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu mtani huwa anapigania jogoo, hakuna mtani wa kumkimbia. Mwisho katekista akasema sala zimekwisha na jua linaondoka. Wakamzika. Teodosia akarudi nyumbani na jogoo wake, uso umekunjamana kama mtu aliyerudishiwa posa.

"Umemwacha jogoo, mume wangu," nikamwambia tukiwa njiani. "Watu wamekasirika."

"Nilipitiwa. Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Pumzi. Haikukata."

Siku sita zilikuwa zimebaki. Asubuhi Masoudi akamwambia Amedeus afute nyimbo zote tisa.

"Zote?"

"Zote."

"Kaka Radi, una siku sita."

"Na ngoma uitoe. Bakiza ile ya chini tu, ipige kama mtu anayepandisha kilima na baiskeli."

Amedeus alinitazama mimi, akidhani nitamrudishia mume wangu akili. Nikamwambia afute.

Kuanzia hapo nilikwenda kila siku. Masoudi alikuwa na sauti mpaka adhuhuri, baada ya hapo unatoka upepo tu. Kwa hiyo asubuhi alirekodi, mchana alilala sakafuni chini ya zile trei za mayai, amejifunika koti. Alisema salfa. Alisema maji matatu ya Fatu na rangi ya yale ya tatu. Alisema namna mama yake, Hajra binti yangu, alivyokuwa akificha redio ili asisikie watu wakisema mwanawe amekwisha. Anasema mistari mitatu, anaacha nafasi, kama unapobisha hodi na kungoja. Mara ya kwanza Amedeus alidhani mashine imezima, akaanza kuchomoa nyaya.

Kulikuwa na wimbo wangu pia. Nikausikiliza mpaka mwisho.

"Tembo wako wapi?" nikauliza.

"Sikuwatia."

"Watie wawili tu. Wadogo."

"Tembo ni wa kwako, mke wangu. Mimi nimetia mikono yako inavyomenya ming'oko."

Nikanuna mpaka Nachingwea. Sikumshika kiuno, nilishika chuma cha pikipiki.

Siku ya mwisho ulibaki wimbo mmoja, wa Stefano. Kwaya, ambao zamu yao ni kesho, walikwisha kuleta kinanda chao, kipo nje kwenye kivuli, wanaimba kwa kuguna ili wasitusumbue. Masoudi alikuwa amekonda shingo. Alianza, na ile ngoma ya chini ikawa inapandisha kilima pamoja naye, na nikasikia, naapa, mnyororo wa baiskeli. Alikuwa amebakiza mistari miwili mlango ukafunguka.

"Hodi humu!"

Ni Teodosia. Ameondoka Ruponda alfajiri, amepanda gari mbili, na mkononi ana kapu na ndani ya kapu kuna jogoo. Amedeus akawa anampungia mikono anyamaze. Jogoo akaona taa, akadhani kumekucha. Akawika.

"Pokea jogoo wako, mtani," Teodosia akasema, hajali maiki wala nini. "Ndugu yangu halali. Kila anayepita ananiuliza, mtani mlimpa nini? Nami huyu namficha chini ya tenga kama mwizi. Pokea."

Masoudi akasimama kidogo. Kisha akanyoosha mikono, akamchukua.

"Nimepokea," akasema. "Lala, Stefano."

Teodosia akapumua pumzi ndefu, akakaa kwenye spika ya Amedeus kana kwamba ni kigoda.

"Turudie mwisho, kaka," Amedeus akasema. "Jogoo ameingia, mama ameingia, mlango umeingia."

Masoudi akafungua mdomo. Upepo. Akajaribu mara ya pili, upepo mtupu. Saa sita ilikuwa imepita na kwaya wanagonga waingize vyombo vyao. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono: iache.

Ikaachwa. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Albamu ya mwisho ya Radi Kavu inaishia kwa jogoo na mama mwenye hasira.

Siku ya arobaini ya Stefano, Koleta aliomba ipigwe uani kwake, pale pale penye redio ile ya betri. Wakaleta spika. Watu wakakaa kwenye mikeka, wakala, wakasikiliza. Hakuna aliyecheza. Yupo kijana anaitwa Ismaily, ndiye yule wa kusema bubu, akauliza, "Sasa mbona Radi anaongea tu? Magari yake yako wapi?"

"Nyamaza wewe," Koleta akamwambia. "Mume wangu anapandisha kilima."

Jogoo alipowika ndani ya spika watu walicheka, na Teodosia aliposikia sauti yake mwenyewe alijifunika kanga usoni. Koleta akataka irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya tatu ua mzima ukasema pamoja naye, nimepokea, lala, Stefano, wengine wakikosea, mmoja akiweka neno lake.

Masoudi hakusikia. Alikuwa amelala, ameegemea ukuta, mdomo wazi, vumbi la njano bado limo kwenye mistari ya shingo pasipofika sabuni. Nilinyoosha vidole nimfinye, ni haki yangu kama mke mkubwa. Nikaona alivyolala. Nikavirudisha.

Msimu unakuja na mashine inaning'inia nyuma ya mlango wake. Fatu amemshonea kitambaa cha pua cha kitenge, mikunjo minne, na amesema akikitupa hicho atamfuata shambani kukifunga mwenyewe. Jogoo hajachinjwa. Mimi nimekwisha kuwaambia watu wa Kiegei kwamba alikuja Ruangwa kwa miguu yake, akiuliza njia. Nilikuwa nimefika penye mto, alipovuka juu ya mgongo wa mamba, Masoudi akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Alikuja ndani ya kapu la Teodosia, bibi. Alikuwa ameloa, mvua iliwanyeshea." Alisema polepole, kwa sauti ile ile iliyobaki, na watu wote wakanigeuzia mgongo wamsikilize yeye.